Mama kasema sukari yake 142

Columbus, Ohio
Jumapili, 16 Februari 2025

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hujambo, watoto hawajambo, baba Nasri hajambo? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna. Najua umeninunia. Miezi mitano kimya, na ule ujumbe wako wa sauti wa siku ya harusi ya Nasra nimeusikiliza mara nne bila kuujibu. Makosa yangu. Ukitaka kunitukana nitukane, ila soma kwanza mpaka mwisho, maana nina shida na wewe ndiye mwenye dawa yake.

Ni mama.

Jumatano usiku, huku saa nne, huko kwenu ndiyo kunakucha, simu ikalia. Mtu wa ughaibuni akipigiwa saa hizo moyo unampiga paa. Napokea, nasikia: "Mwanangu, sukari imefika mia na arobaini na mbili. Mwezi uliopita zahanati ilikuwa saba na pointi. Imepanda mara ishirini. Nakuaga." Ananiaga, Zuhura! Na nyuma namsikia Bi Tatu keshaanza Yasini.

Wewe umeshaelewa. Kile kimashine cha kupimia sukari nilimnunulia huku, na vya huku vinasoma kwa miligramu katika desilita, hakuna kitufe cha kubadilisha. Huko mnasoma kwa milimoli katika lita. Gawa 142 kwa 18 unapata 7.9. Zahanati walimwambia ngapi? Nikamwambia akatafute cheti chake chini ya godoro. 7.9. Sukari ya mama haijasogea hata hatua moja, imevaa kanga nyingine tu. Nikacheka, kisha nikaona haya, maana aliyemtumia mtu wa miaka sitini na tano kimashine bila kumwambia hilo ni mimi.

Lakini 7.9 ya saa ngapi? Hapo ndipo nilipokwama naye. Kama hakula kitu tangu usiku, basi imeshavuka 7.0, ule mpaka wa kisukari, na hayo si ya kucheka. Kama ni saa mbili baada ya wali wa nazi, ni habari nyingine kabisa. Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa hujala?" Akasema, "Sikula kitu mie, nilikunywa chai tu." Chai ya mama unaijua. Vijiko vitatu, na pembeni kuna kitumbua ambacho hakihesabiwi kwa sababu ni kimoja.

Sasa nikueleze ninachofanya huku, maana najua Mwanaisha keshawaambia mtaa mzima wa Makorora kwamba nasomea udaktari. Si udaktari. Ni msaidizi wa kliniki: si nesi, si mtu wa maabara kama wewe. Unapima presha, unampima mtu uzito na yeye anavua viatu, saa na mpaka hereni, unapigia simu watu wa bima, unatoboa vidole. Wana sheria yao ya maabara ya mwaka 1988 inayogawa vipimo kwa ugumu. Vile vyepesi, sukari ya kidole, mkojo wa kijiti, kolesteroli ya mashine ndogo, tunaruhusiwa sisi. Kupima tu, lakini. Kumwambia mgonjwa "una kisukari" ni marufuku, hiyo kazi ya daktari. Nipo fildi tangu Januari na tayari nimeshaharibu.

Ngoja nikusimulie. Kaja mzee mmoja, jina sitaji, karatasi za siri za mgonjwa nimeshazitia saini. Ni katika hawa Wabantu waliokuja huku kutoka Somalia. Mimi nikamsalimu Kiswahili kwa kubahatisha, yeye akanijibu Kizigua. Kizigua, Zuhura, hapa Ohio, theluji nje! Wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka upande wetu karne ya 19 wakapelekwa mto Juba, na lugha wameishika mpaka leo. Bibi yangu wa Handeni angemwelewa vizuri kuliko mimi. Nikajisahau kwa furaha. Nikapitisha spiriti haraka haraka, nikatoboa, tone la kwanza hilo hilo nikaligusisha kwenye stripu, kile kijikaratasi cha kupimia. 287. Nikaandika kwenye kompyuta. Msimamizi wangu akaingia, akasimama pale mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Unasikia harufu ya nini?"

Chungwa. Mzee alikuwa amekaa sana kwenye benchi, akamenya chungwa lake akala. Vidole vyote utamu mtupu.

Tukamwosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, tukamkausha, nikachukua kidole cha pete cha mkono wa pili, pembeni si katikati, tone la kwanza nikalifuta kwa pamba. 119. Kutoka 287, kwa chungwa moja. Mimi mtoto niliyekulia kwenye machungwa ya Muheza nimeangushwa na chungwa la Florida. Mzee ananitazama machoni: "Niambie binti, ninayo au sinayo?" Nikameza mate, nikasema daktari anakuja atakueleza. Kumbe hilo ndilo gumu kuliko kutoboa.

Halafu usiku nampigia mama na kumpa hukumu kwa simu kama profesa.

Haya. Nilikuwa nakwepa, sasa nikuambie linaloninyima usingizi, maana la 142 ni kichekesho tu. Nilimuuliza stripu zimebaki ngapi. Nilimpelekea mia moja Desemba kwa mkono wa shemeji Kassim, nikapiga hesabu ya moja kwa siku. Akasema kumi na moja. Zimekwenda wapi? Akanijibu kwa fahari, sauti ya mtu mwenye zahanati yake: Mama Shufaa anakuja, Bi Tatu anakuja, Mzee Salehe anakuja akitoka msikitini, yule kijana wa genge naye alijaribu siku moja kuona inavyouma. Barazani kwetu sasa ni kliniki. Sikukasirika, nikasema na visindano vya kutobolea vidole je, vimebaki vingapi? "Vyote vipo mwanangu, sijavigusa. Kile kilichokuja ndani ya kalamu ya kutobolea bado kikali, kwa nini nikitupe?"

Zuhura, kisindano kimoja. Tangu Desemba. Mama, Mama Shufaa, Bi Tatu, Mzee Salehe, kijana wa genge. Anakifuta kwa spiriti, anasema, tena anakifuta vizuri. Wiki ya kwanza kabisa ya masomo tuliambiwa kwamba homa ya ini ya B imeenezwa kwenye nyumba za kutunzia wazee hapa hapa Marekani kwa watu kuchangia vitobolea vidole, na kwamba hata ile kalamu yenyewe ni ya mtu mmoja hata ukibadilisha kisindano. Nilikaa pale nikiandika vizuri kwa wino wa rangi mbili. Na kalamu nilikuwa nimeshaituma.

Nimemwambia aache. Amesema sawa. Ile sawa yake.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na nisamehe kama nakufundisha kazi yako mwenyewe. Jumamosi hii nenda Makorora asubuhi, usiseme nimekutuma mimi, sema umepita kumsalimia. Ichukue ile kalamu uondoke nayo. Mwambie imeharibika, mwambie chochote. Kisha zungumza na wale wanne polepole, bila kuwatisha na bila kumwaibisha mama mbele yao, waje kwako wapimwe homa ya ini. Kijana wa genge usimwache kwa sababu ni mara moja tu. Gharama zote juu yangu, usianze ubishi.

Na mama mwenyewe, tafadhali, damu ya mshipa. Mwambie usiku ule asile kitu baada ya saa mbili, maji tu, na chai ni chakula. Rudia hilo: chai ni chakula. Hakikisha inaingia kwenye chupa ya kizibo cha kijivu na inafika mezani kwako upesi, isizunguke na bodaboda juani huku chembe za damu zikiila sukari ndani ya chupa, halafu tuambiwe mama mzima kabisa. Stripu zilizobaki zitupe. Nimegundua amezihamishia kwenye kopo la Blue Band, eti kile kichupa chake kidogo kinampotea. Kwa unyevu wa Tanga, ndani ya kopo la Blue Band! Huenda hata hiyo 142 ni uongo, ila imegongana na 7.9 kwa bahati. Au si bahati. Sijui, ndiyo maana nataka yako.

Mpime na mafuta ya damu hapo hapo, maana atakuwa amefunga tayari. Kolesteroli redioni wanaiita lehemu. Mama aliniuliza kwani kwenye damu kuna nini cha kuchomelea. Hiyo nayo imenitesa huku. Kwenye mtihani walitupa kolesteroli 200 tuigeuze iwe milimoli, mimi nikagawa kwa 18, nikapata 11 na nikaona sawa tu. Kumbe 18 ni ya sukari peke yake. Molekuli ya glukosi ina uzito wa 180, ya kolesteroli karibu 387, kwa hiyo unagawa kwa 38.7, na 200 inakuwa 5.2. Hakuna aliyetueleza, nililiona mwenyewe saa saba usiku nikapiga kelele mpaka mwenzangu wa chumba akaamka.

Na mashine yetu ya kolesteroli ina visa vyake. Kikaseti unakitoa kwenye friji, unakiacha kipate joto la chumba, unatia damu, unasubiri kama dakika tano. Lakini baridi hii kila mtu mikono imepauka, wote wamejipaka losheni, na losheni nyingi zina gliserini. Gliserini ikiingia kwenye tone, trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zinapanda za uongo. Tena mashine haipimi yale mafuta mabaya moja kwa moja, inapiga hesabu: jumla, toa mazuri, toa moja ya tano ya trigliseridi. Kwa hiyo mtu wa losheni anaonekana mafuta mabaya yake yamepungua! Anaenda nyumbani kusherehekea kwa kuku wa kukaanga. Sasa mimi nawaosha watu mikono kabla ya kila kitu, wananiita Bibi Sabuni. Mama anajipaka nazi, hilo nalo sijui tuseme nini.

Kuna kile kipimo cha hemoglobini yenye sukari, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Nilitaka umfanyie, ila nikamkumbuka Hamisi wetu, mtoto wa mama. Hamisi alikuwa na selimundu, basi mama hana budi anabeba kinasaba, na kuna mashine zinazopotoshwa na hemoglobini ya namna hiyo zikatoa jibu lisilo lake. Hapo wewe unajua mashine yenu ilivyo, mimi nakuachia. Ikiwezekana tegemea ile ya kufunga, irudiwe siku nyingine. Siku moja isitoshe kumpa mtu jina la ugonjwa.

Haraka yangu ni Ramadhani. Wiki mbili zimebaki na mama atafunga tu, hata ukimfunga yeye kamba. Nataka daktari amwone na majibu mkononi kabla mwezi haujaandama, si baada. Na hoja yake ya kwanza naijua, kwamba kutoboa kidole mchana kunafunguza. Shehe wa pale kwenu anasemaje? Ukimpata neno lake litamfaa mama kuliko langu na lako.

Sasa niambie. Jumamosi unaweza, au una zamu? Kama una zamu, Rehema anaaminika kuchukua damu au bado anapapasa mshipa kama anatafuta funguo gizani? Stripu za mashine zinazouzwa huko kwa sasa ni shilingi ngapi kichupa, nimnunulie mashine ya huko huko inayoongea milimoli, hii yangu niirudishe? Mzee Salehe bado anakunywa ile mitishamba, asije akaacha kila kitu kwa hofu? Na wewe presha yako vipi, ulirudi kule au ulinidanganya? Nasri kachaguliwa shule gani? Nasra anaelewana na wakwe?

Usimwambie mama kuhusu 287, atamsimulia Bi Tatu.

Nipigie ukitoka Makorora, ila si kabla ya saa nane mchana ya huko, nitakuwa nimelala. Au piga tu. Ukiwa na ile kalamu mkononi, piga saa yoyote.

Wako,
Mwanahawa