Kuhusu cheti cha Linux ulichoniuliza

Kaka mambo, mama mpe shikamoo yangu. Meseji yako nimeiona, eti uchukue LPIC, cheti cha shirika la LPI, au cha kampuni ya Red Hat, nikasema hapana hii siijibu kwa mistari miwili maana najua hela unavyoitafuta.

Mi naona anza na LPIC-1. Hawa LPI wapo toka 1999 na mtihani wao haujafungwa kwenye distro moja, yani aina moja ya Linux, unaulizwa apt na dpkg za kuweka programu kwenye Debian halafu hapohapo unaulizwa rpm ya Red Hat, na kazini ndo hivyohivyo, leo unapewa seva ya Ubuntu kesho unakabidhiwa ya ukoo wa Red Hat na hakuna anayekuuliza we ulizoea ipi. Ni mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja maswali 60 dakika 90, alama zinaenda 200 mpaka 800, ukifika 500 umepita. Cheti kinaishi miaka 5. Ipo pia Linux Essentials ya wanaoanza kabisa ila we umeshashika seva, iruke.

Sasa hapa nisikilize kaka. LPIC karibu yote ni ya kuchagua jibu, machache ndo unajaza mwenyewe, kwa hiyo kuna watu wanauza mafaili ya maswali na majibu ukariri. Usinunue hata kwa buku. Mtu kapita kwa kukariri, siku folda ya /var imejaa logi, yani kumbukumbu za mfumo, na mfumo wa ofisi umesimama hajui aanze na df au du, amri za kuangalia nafasi ya diski, na wanaoumia ni wateja waliopanga foleni pale nje. Hilo linaniuma kweli.

Ndo maana RHCSA, hicho cheti cha Red Hat, naiheshimu sana. Hakuna A B C D, unakaa mbele ya mashine na kazi za kufanya, intaneti hamna, msaada wako ni man tu, yani maelezo ya amri, na nyaraka zilizomo humo ndani. Kupita ni 210 kati ya 300. Na kila ulichofanya lazima kiwepo mashine ikizimwa na kuwashwa tena, yani umemaunti (umeunganisha) diski vizuri kabisa lakini hukuandika kwenye fstab, faili la diski za kuunganishwa mashine ikiwaka, alama zimeenda, na ukiandika fstab vibaya mashine yenyewe inaweza isiwake na hapo kazi zote zinaenda nayo. Ila bei yake kubwa na inaisha baada ya miaka 3, kwa hiyo ngoja kwanza upate kazi.

We fanya hivi, soma mada za LPIC lakini jizoeze kama unaenda RHCSA. Mada zote na vitabu vya kusomea LPI wameweka bure kwenye tovuti yao, na kila mada ina uzito wake, ukiona 4 tegemea kama maswali manne, usikeshe kwenye yenye 1. Kwenye laptopu weka VirtualBox, programu ya kuendesha mashine ndani ya mashine, moja Debian nyingine AlmaLinux ya ukoo wa Red Hat, zote bure. Kila ukimaliza zoezi ristati ndo uangalie kama kimebaki. Jifanye umesahau paswedi ya root, yule mtumiaji mkuu, uirudishe kupitia GRUB, programu inayowasha Linux, haribu fstab makusudi halafu itengeneze, rudia mpaka mkono uzoee.

101 ndo uianze, usilipie zote mbili kwa pamoja. Na ukikwama kwenye LVM, ile njia ya kugawa nafasi ya diski, maana wengi hukwama hapo, nipigie usiku bando zikiwa rahisi tufungue skrini wote.