Malalamiko kuhusu hadithi na michoro ya toleo la nne

Kwa Mhariri Mkuu,

YAH: HADITHI NA MICHORO YA MFULULIZO WENU MPYA WA KATUNI

Kichwa cha barua hapo juu chahusika. Nimenunua matoleo yote manne ya mfululizo huu, na hili la nne ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Fungueni ukurasa wa 7. Mama anapewa habari ya kifo cha mwanawe. Fremu tatu, uso uleule, umenakiliwa kwenye kompyuta. Hata unywele uliomwangukia jichoni haujasogea. Kurudia mchoro si kosa, maana mchoraji hodari huweza kuuacha uso vilevile makusudi ili tusikie kimya. Lakini huyu mama, kwa mujibu wa kiputo cha maneno yake, anapiga yowe, na mdomo wake umefumbwa! Ukurasa wa 15 mchoro ulionakiliwa umegeuzwa kabisa, kama kwenye kioo: kovu la shujaa limetoka shavu la kushoto likahamia la kulia.

Hadithi nayo imeniumiza zaidi, kwa sababu toleo la kwanza lilikuwa zuri sana. Kurasa ni 20 tu, na sita zimekwisha mtu akipanda ngazi. Halafu vita tulivyovingoja tangu mwanzo tunasimuliwa na watu wawili waliosimama dirishani. Kwa nini tusivione? Katuni ni kuona! Na pale tunapoona, maneno yanatuzibia: mchoro unamwonyesha kijana akisukuma mlango, kiputo kinasema, "Nausukuma mlango." Ni dhahiri mwandishi hakuuona mchoro kabla maneno hayajapangwa. Ukurasa wa 12 jibu limewekwa juu kushoto na swali chini yake, hivyo tunasoma jibu kwanza.

Simlaumu mchoraji. Mistari yake ya penseli katika toleo la kwanza niliitazama mara nyingi, hasa mikono, na mikono ni migumu kuchora. Anayechora vile hanakili uso mara tatu isipokuwa amebanwa na muda, na ratiba mnapanga ninyi.

Naomba ukurasa wa 7 uchorwe upya kabla matoleo haya hayajakusanywa kuwa kitabu kimoja, na mwandishi aipitie michoro kabla maneno hayajaingizwa. Toleo la tano likichelewa hata miezi miwili kwa ajili hiyo, nitasubiri.

Wenu,
Msomaji wenu tangu toleo la kwanza