Baba Mdogo, miti hii haina mvunaji

Peace River, Alberta, Kanada

Baba Mdogo, shikamoo.

Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inakataa kutuzoea. Salamu zako zilinifikia kupitia Tuli, pamoja na lile swali lako la kejeli: inakuwaje mtu alipwe kupanda miti ambayo hakuna atakayeikata? Nimeona simu haitoshi. Wewe ni mtu wa miti, ukipewa jibu la nusu utalitangaza stendi nzima ya Mafinga.

Kwanza, msitu wa huku usiufikirie kama Sao Hill. Sehemu kubwa ni kinamasi chenye miti. Chini kuna mboji, yaani mabaki ya mimea ya maelfu ya miaka ambayo hayakuoza vizuri kwa sababu maji yamezuia hewa. Mita moja ya mboji hiyo huchukua miaka 1,000 au zaidi kujijenga. Juu yake kumetanda sifagnamu, mmea mdogo laini usio na mizizi unaofyonza maji, na humo ndimo unasimama sprusi mweusi, mti wa jamii ya paini. Utaukuta una unene wa mkono wako, kumbe una miaka mia. Wewe paini zako ungekuwa umeshazivuna mara tano.

Sasa hadithi ya mafuta. Mwaka 1947 yaligunduliwa mafuta mengi pale Leduc, karibu na Edmonton, na tangu hapo watafutaji wakazidi kuingia porini. Walikuwa wanafyeka njia iliyonyooka kwa kilomita nyingi, wanatega baruti ardhini, kisha wanasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye miamba ili wajue chini kuna nini. Njia za zamani zina upana wa mita 5 hadi 10, na aliyezifungua ni tingatinga. Wakimaliza kupima, wanaondoka. Kwenye ardhi kavu mara nyingi msitu hurudi wenyewe. Kwenye kinamasi, zipo njia za miaka ya 1960 ambazo mpaka leo ukiwa kwenye ndege unaziona, tupu, ndago zimejaa.

Nilipofika nilidhani tatizo ni mbegu. Mbegu ziko tele, miti mama imesimama kulia na kushoto. Kinachokosekana ni vinundu. Kinamasi ambacho hakijaguswa kina vinundu na vibonde. Mche huota juu ya kinundu, mizizi ikapata hewa. Tingatinga lilivisaga vinundu vyote, ardhi ikawa sawasawa na maji. Mbegu ikiota inazama. Hapo tunazungumzia tofauti ya sentimita chache tu, Baba Mdogo, na sentimita hizo zimekataza msitu kurudi kwa miaka hamsini na zaidi.

Kwa hiyo tunachofanya ni vinyungu, yaani matuta kama ya bustani za bondeni. Sina neno jingine la kukueleza, ni kama vile vya Bibi. Majira ya baridi, ardhi ikishaganda kiasi cha kubeba mashine, kijiko, lile tingatinga la kuchimbia, kinaingia, kinachota bonge la mboji na kulipindua kando ya shimo. Tuta na shimo, tuta na shimo, mpaka mwisho wa njia. Kiangazi tunafuata sisi na miche ya sprusi na ya tamaraki, mti mwingine wa kinamasi cha huku, tunapanda juu ya matuta. Kijiko pia huangusha baadhi ya miti ya pembeni na kuilaza katikati ya njia, makusudi, ili isipitike.

Isipitike na nani? Na mbwa mwitu wa huku, wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza. Kuna mnyama anaitwa karibou, mwenye pembe dume na jike, anayeishi ndani kwenye kinamasi kwa sababu adui zake hawapendi kutembea huko. Njia za mafuta zilimfungulia mbwa mwitu barabara. Kisheria karibou wa misitu hii wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, na mpango wa taifa wa 2012 unataka angalau asilimia 65 ya makazi ya kila kundi iwe haijavurugwa. Makundi mengi ya Alberta yako mbali sana na kiwango hicho. Wakati miche ikisubiriwa ikue, serikali ya jimbo imekuwa ikiwaua mbwa mwitu; kule Little Smoky walianza 2005. Mimi jambo hilo linanikera. Mbwa mwitu hakuleta tingatinga.

Ulitaka kujua nani analipa. Njia hizi, ni serikali pamoja na kampuni, na karibou ndiye aliyewasukuma. Visima vya mafuta vina sheria yake: kampuni haipewi cheti cha kuondolewa wajibu juu ya ardhi mpaka ionyeshe imeirudisha katika hali nzuri. Palipojengwa kisima kwenye kinamasi huwa pamemwagwa udongo wa mfinyanzi juu ya mboji, kwa hiyo udongo ule unakwanguliwa mpaka usawa wa maji. Kisha tunatandaza sifagnamu hai iliyochukuliwa tabaka la juu la kinamasi kingine, eneo moja likitosha maeneo kama kumi, na kufunika kwa nyasi kavu. Njia hiyo waliibuni watu wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec.

Usidhani wote wanakubaliana. Wapo wataalamu wanaohoji kupindua mboji, kwa kuwa ukiianika inatoa hewa ya kaboni, na yale mashimo yenye maji yanatoa methani, gesi zote mbili za kuongeza joto duniani. Na kwenye machimbo ya mchanga wa mafuta, yaani mchanga uliochanganyika na mafuta mazito, kule Fort McMurray, mboji yote ilishaondolewa. Huko walijenga kinamasi kipya kabisa, Nikanotee, kikakamilika 2013, hekta kama 3. Nimeona picha zake, ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ukiweka hekta 3 kando ya shimo la mgodi, hesabu unaijua mwenyewe.

Ezekieli anayetaka kuja mwambie ukweli: upandaji hulipwa kwa mche, si kwa siku, na mbu wa huku hawana malaria ila wanakula mtu mchana kweupe. Akiwa bado anataka, anitafute, nitamweleza utaratibu wa vibali.

Kuna jambo moja, na naliuliza bila kukukosea adabu. Tuli anasema umepanda milingoti, yaani mikaratusi, bondeni, karibu na kijito, na unataka kuongeza safu. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji, na pia kijito kile ndicho Bibi anachotegemea kwa mboga za kiangazi. Kabla hujatoa miche kitaluni, nenda na kamba ukapime. Ukikuta hazifiki, safu hizo hamishia kule juu kwenye shamba la Marehemu Babu, gharama ya vibarua nitatuma mimi.

Nisalimie Mama Mdogo na wote. Kamwene.

Mwanao