Risala kwa Mgeni Rasmi: Vijana Wetu Wakimbiaji na Vyuo Vinavyohamahama

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa kikundi, wazee wetu, wazazi, makocha wa kujitolea, na nyinyi vijana ambao mmekwisha bandika namba vifuani:

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umekimbia kwa jezi ya chuo hapa Marekani enzi zako, ukabaki ukawa kocha, na leo umeacha mapumziko yako ya Jumamosi ukaja kukaa nasi kwenye viti vya plastiki. Tunakushukuru sana.

Sisi ni wazazi na vijana wa Dallas tunaokutana kila Jumamosi kukimbia. Tumetoka Goma, Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Eldoret na Tanga. Kiswahili chetu hakifanani hata kidogo, ila kocha akisema "rudieni!" wote tunaelewa na wote tunanung'unika. Leo hatukukuita tukuombe jezi. Tuna jambo linalotukosesha usingizi zaidi ya jezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku moja baada ya mazoezi mama mmoja alituuliza swali tukabaki tunatazamana. Alisema: mwanangu akisaini ufadhili na chuo leo, halafu kabla hajamaliza chuo chenyewe kikahamia konferensi nyingine, mtoto atakuwa amesaini nini hasa?

Wewe unajua, lakini wazee wetu waliofika juzi wavumilie tueleze kidogo. Konferensi ni umoja wa vyuo vinavyoshindana vyenyewe kwa vyenyewe na kuuza pamoja haki za televisheni. Umoja ukiwa na timu za futiboli ya Kimarekani zinazotazamwa, fedha ni nyingi. Kwa hiyo chuo kinahama kwa sababu ya futiboli, halafu wachezaji wa mpira wa wavu, soka na kuogelea wanabeba mabegi na kufuata.

Mfano tunao hapa hapa mjini. SMU, yaani Southern Methodist University, ni chuo binafsi, na hakiko mbali na Vickery Meadow, mtaa ambao wengi wetu ndio tuliofikia tuliposhuka kwenye ndege. Tangu 1918 kilikuwa katika umoja wa Southwest Conference, na wapinzani wake wengi walifikika kwa basi. Mwaka 1987 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilikifungia futiboli msimu mzima kwa sababu wachezaji walikuwa wakilipwa kwa siri, na mwaka uliofuata chuo chenyewe kikaamua kutocheza. Wamarekani wanaiita ile "adhabu ya kifo". (Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wao fedha, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, mchana kweupe. Dunia hii!)

Umoja ule ulivunjika 1996. Texas, Texas A&M, Texas Tech na Baylor walikwenda kuunda Big 12. SMU, TCU na Rice, vyuo binafsi vitatu, viliachwa mlangoni pamoja na Houston. Mtu atasema Baylor nacho ni binafsi, mbona kiliingia? Ni kweli. Lakini mpango ule ulipofanywa mwaka 1994, gavana wa Texas alikuwa Ann Richards, aliyesoma Baylor, na naibu wake Bob Bullock alisoma Texas Tech na Baylor. Wenyeji wa huku husimulia kisa hicho huku wakitabasamu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kuanzia hapo SMU ikawa kama mpangaji anayehamishwa kila kodi inapopanda. Mwaka 1996 iliingia WAC, umoja uleule ambao Mtanzania Suleiman Nyambui aliutolea jasho akiwa chuoni El Paso, alipochukua ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 miaka minne mfululizo. Mwaka 2005 ikahamia Conference USA, 2013 ikaingia umoja uitwao American, na Julai 2024 ikapokelewa ACC.

Jina kamili la ACC, wazee wangu, ni Umoja wa Pwani ya Atlantiki. Kwetu sisi, ambao hata jina la lugha yetu limetoka pwani, hili linachekesha. Dallas haina bahari. Haina hata harufu ya bahari. Wanachama wawili walioingia pamoja nayo, Stanford na California, wako upande wa bahari nyingine kabisa! Kutoka hapa hadi Boston, ambako kuna chuo kingine binafsi cha umoja huo, ni kama kilomita 2,500. Kwa ndugu zetu wa Kongo, hiyo ni karibu sawa na kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Kinshasa, kwenda tu kucheza seti tatu za mpira wa wavu. Wakati huohuo TCU, jirani wa Fort Worth ambaye SMU imegombea naye kombe la kikaango cha chuma kwa miaka mingi, ilishatangaza kwamba haitaongeza mkataba wa futiboli baada ya mchezo wa 2025.

Na SMU ililipa ili iingie. Ilikubali kukaa miaka 9 bila fungu lake la fedha za televisheni za ACC. Chuo cha serikali kingeulizwa maswali bungeni. Chuo binafsi kiliwapigia simu matajiri wake, na ndani ya wiki moja ahadi zikafika dola milioni 100. Hatuwalaumu. Msimu wa kwanza walishinda mechi zote 8 za ligi, wakafungwa na chuo cha Clemson 34-31 fainali kwa mkwaju wa dakika ya mwisho, na bado wakaingia mchujo wa timu 12 za kugombea ubingwa wa taifa. Mji ulichangamka, nasi tulishangilia kama wengine.

Lakini, Mheshimiwa, chuo hichohicho kilikuwa mabingwa wa taifa wa riadha ya wanaume nje ya ukumbi mwaka 1983 na 1986, na mwaka 2004 timu hiyo ikafutwa. Wasichana bado wanakimbia. Vijana wetu wa kiume wanafanya mazoezi karibu na chuo kisicho na timu ya kuwapokea. Hata Stanford, pamoja na utajiri wake, ilitangaza 2020 kwamba itafuta michezo 11, ikabatilisha uamuzi huo mwaka uliofuata baada ya kelele nyingi. Kwa hiyo tukisikia chuo kimepanda daraja tunafurahi, halafu tunauliza kimya kimya: bajeti ikibana, ataanza nani kukatwa?

Tuna binti mmoja kikundini anayecheza mpira wa wavu katika chuo binafsi mbali na hapa, jina la chuo tuliache. Alisaini akijua mechi za ugenini ni safari ya basi. Konferensi ilipobadilika, alirudi bwenini saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, na saa mbili asubuhi alikuwa na mtihani wa kemia. Alifeli. Mama yake alitaka kujua ni nani wa kumlalamikia, na hatukuwa na jina la kumpa.

Wakimbiaji wana nafuu kidogo, maana mashindano yao mengi hayapangwi na konferensi. Wanakutana nayo zaidi kwenye michuano ya ubingwa. Wavu, soka na softiboli ndio wanaosafiri wiki baada ya wiki. Hili wazazi wengi hatukulijua, na tungelijua mapema tungewashauri watoto vingine.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni moja. Kabla vijana wa mwaka huu hawajasaini chochote, tunakuomba utupe Jumamosi moja tukae tusome nawe barua za ufadhili, mstari kwa mstari: ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote, timu ikifutwa mwanafunzi anabaki na nini, na siku za masomo anazokosa akiwa safarini zinafidiwaje. Wengi wetu tunasoma Kiingereza, lakini Kiingereza cha mawakili ni lugha nyingine. Chumba tutatafuta sisi, na chai na mandazi visikutie wasiwasi.

La pili ni dogo. Ukikaa meza moja na wakubwa wa michezo wa vyuo vya hapa, tunaomba uwakumbushe kwamba wako vijana wa kiume wanaokimbia kila Jumamosi, na wengine wana kasi kuliko wanavyodhani wakubwa hao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakimbiaji wamesimama kwenye mstari na filimbi iko mezani mbele yako. Tunaomba kuwasilisha.