Kwa Nini Lochi Wako Hawatagi Mayai Tangini

Wateja wetu wengi wanaofuga lochi, yaani wale samaki wembamba wenye sharubu wanaopenda kujifukia mchangani, hutujia na swali moja: samaki wana afya, wanakula vizuri, wamekaa tangini miaka miwili au mitatu, lakini hawajataga hata yai moja. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Lochi wengi porini hutaga mvua zinapoanza, na tangi lenye joto lile lile na maji yale yale mwaka mzima kwao ni kiangazi kisichokwisha.

Kabla ya kugharamia chochote, ni vyema kujua unafuga aina gani. Chromobotia macracanthus, yule mwenye mistari mitatu myeusi anayetoka Sumatra na Borneo na kuweza kufikia sentimita 30, huzalishwa na wafugaji wakubwa kwa kudungwa homoni, na ni nadra mno kutaga nyumbani. Hatumshauri mteja yeyote kujaribu sindano hizo. Lochi wadogo wa jenasi ya Pangio, wanaofanana na nyoka, wanatoa matumaini ya kweli. Jike aliyekomaa hunenepa hadi mayai yake ya kijani yakaonekana kupitia ngozi ya tumbo, ilhali dume huwa na mapezi ya kifuani makubwa na manene zaidi. Kwa kuwa tofauti hizo hazionekani wakiwa wachanga, sisi huwapendekeza kwa kundi la samaki sita au zaidi, wala si jozi.

Anza na chakula. Kwa wiki kadhaa wape viluwiluwi wa mbu, minyoo midogo na artemia (vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi), kwa maana jike asiyeshiba hana cha kutengenezea mayai. Kisha waletee mvua: badilisha takriban theluthi moja ya maji kwa maji laini, yaani yenye madini machache, yaliyoondolewa klorini na yaliyo baridi kwa nyuzi mbili au tatu kuliko ya tangini, ukiyamimina polepole, na urudie hivyo kwa siku chache huku ukiacha joto lipande tena lenyewe. Usishushe joto ghafla kupita hapo, kwani samaki aliyeshtuka hatagi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba samaki hawa wa chini hupanda kutagia karibu na uso wa maji, hivyo mimea inayoelea yenye mizizi mirefu inahitajika sana kuliko mapango tunayoombwa kila siku. Ukiyaona mayai, wahamishe wazazi mara moja, kwa sababu huyala bila kusita. Katika nyuzi 26 hivi za Selsiasi huanguliwa baada ya siku moja hivi, na vifaranga huhitaji kwanza vijidudu vya majini visivyoonekana kwa macho, ndipo waweze kula artemia walioanguliwa karibuni.

Tumia chujio la sponji, lisilowavuta vifaranga ndani. Wenye machujio ya aina nyingine tunawaomba kwa dhati wamimine maji yake kwenye beseni jeupe kabla ya kuyaosha, kwa kuwa wafugaji kadhaa wa lochi wamegundua kwamba samaki wao wamezaa walipokuta watoto humo ndani, wakiwa hai.