Wakaguzi wanaandika, nani anazibua?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu nikiwa kijana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya wiki iliyopita, iliyosema kwamba ukaguzi wa madaraja na barabara umekamilika, niliisoma mara mbili nikitafuta mahali mlipotaja kasoro zilizorekebishwa. Sikupaona. Mmetueleza madaraja mangapi yamepitiwa na kwamba ripoti imekabidhiwa. Imekabidhiwa kwa nani, ili afanye nini, na lini? Hayo hamkuuliza.

Naandika kwa sababu kuna daraja ninalovuka kwa miguu kila siku, asubuhi na jioni. Si kubwa. Chini ya ukingo wake kuna matundu ya kutolea maji, manne kila upande, kila moja upana wa kiganja. Nimeyahesabu kwa kuwa mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Yanatuama juu ya lami, na magari yakipita sisi wa miguu tunarushiwa mwili mzima. Matundu sita kati ya manane yameziba kwa mchanga, majani makavu na mifuko ya plastiki. Moja limeotwa na nyasi mbichi kabisa. Mwaka juzi nilipeleka taarifa kwenye ofisi inayohusika, wakaniandika kwenye daftari. Baada ya miezi kadhaa nilirudi, nikaambiwa kasoro hiyo inafahamika, imo kwenye ripoti ya ukaguzi, na ilikuwemo hata kwenye ripoti iliyotangulia. Kijana wa mapokezi alinijibu kwa upole, "Mzee, hilo limeshaandikwa." Nikamuuliza, limeshazibuliwa? Hakuwa na jibu, na simlaumu, maana si kazi yake. Tatizo ni kwamba pale ofisini sikuonyeshwa mtu yeyote ambaye ni kazi yake.

Jumamosi moja nikachukua kipande cha nondo nikaenda mwenyewe alfajiri, kabla magari hayajawa mengi. Nilianza na lile tundu lenye nyasi. Nikang'oa, nikachokonoa, mchanga ukatoka mweusi, umeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Muda si muda maji yaliyotuama tangu mvua ya usiku yakaanza kuzunguka, kisha yakanywewa kwa mkoromo mpaka lami ikabaki tupu. Nikashuka chini kuona yanatokea wapi. Mhariri, niliyoyaona huko chini ndiyo yaliyonirudia niliposoma habari yenu. Pale boriti inapokaa juu ya kichwa cha nguzo, palepale penye kubeba uzito wote, pamejaa tope bichi. Zege limebanduka kipande cha ukubwa wa sahani na nondo zimetokeza nje, nyekundu kwa kutu. Niligusa moja, ikatoka magamba mkononi. Maji yaliyokosa njia yake juu yamejipenyeza kwenye kiungo cha daraja na kudondokea hapo mwaka baada ya mwaka. Nondo ikipata kutu huvimba, na ikivimba hulipasua zege kutoka ndani, ufa ukaingiza maji zaidi. Na kuzibua tundu lile kulinichukua muda mfupi kuliko niliokaa kwenye benchi nikisubiri kuandikwa kwenye daftari.

Atatokea wa kusema nakuza mambo, kwamba tundu la maji haliwezi kuangusha daraja. Limeshaangusha. Tarehe 28 Januari 2022 daraja la Fern Hollow lilianguka katika mji wa Pittsburgh, Marekani, asubuhi na mapema, likiwa na basi la abiria juu yake. Watu waliumia, kwamba hakuna aliyekufa ilikuwa bahati. Wachunguzi walikuta nini? Miguu ya daraja ilikuwa ya ile aina ya chuma inayojijengea ngozi nyembamba ya kutu ili ijilinde, na ngozi hiyo hushika pale tu chuma kinapopata nafasi ya kukauka. Mifereji ya maji iliziba, maji na takataka vikakaa kwenye miguu, chuma kikaliwa mpaka kikatoboka. Na daraja lile halikusahauliwa na wakaguzi! Lilikaguliwa mara kwa mara, na ripoti baada ya ripoti zilitoa mapendekezo yaleyale ya matengenezo, yasitekelezwe. Hilo ndilo linaloniuma. Tungeweza kumsamehe mtu ambaye hakujua. Pale walijua, wakaandika kwamba wanajua, wakaja tena mwaka uliofuata wakaandika hivyo hivyo, na magari yakaendelea kupita juu ya ile miguu iliyotoboka, wenye magari wakiamini kwamba kwa kuwa daraja limekaguliwa basi liko salama. Neno "limekaguliwa" linamtuliza mwananchi. Ndiyo maana nawaambia habari yenu, kwa jinsi mlivyoiandika, inaweza kudhuru.

Huko huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, kipande cha daraja la mto Mianus kilidondoka mtoni usiku wa tarehe 28 Juni 1983, watu watatu wakafa. Kiasi cha miaka kumi kabla ya hapo barabara iliwekwa lami upya, na lami hiyo ikafunika matundu ya maji. Fikiria: kazi iliyofanywa kwa jina la matengenezo ndiyo iliyoyafungia maji njia, yakaenda kwenye pini na vyuma vilivyoning'iniza kile kipande, kutu ikavisukuma vyuma hivyo mpaka vikachomoka kwenye pini. Kila ninapoona lami mpya imemwagwa juu ya daraja bila mtu kuinama kutazama matundu yamepona au yamefunikwa, nakumbuka hao watatu.

Sisemi ukaguzi hauna maana. Uliletwa na vifo. Daraja la Silver juu ya mto Ohio lilipoanguka tarehe 15 Desemba 1967 na kuua watu 46, chanzo kilikuwa ufa wa takriban milimita mbili na nusu kwenye kiungo kimoja cha chuma, na baada ya hapo Wamarekani wakaweka viwango vya taifa zima vya kukagua madaraja, kwa kawaida kila miezi 24. Ni jambo jema. Lakini mkaguzi ana ratiba, ana fomu, ana tarehe ya mwisho ya kukabidhi. Anayepaswa kutengeneza, ratiba yake iko wapi?

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili la kuchimbuachimbua barabara. Barabara ikishatiwa lami, haijakauka vizuri, wanakuja watu wa mabomba wanaikata katikati. Wakimaliza wanarudishia kifusi bila kushindilia, wanapaka kiraka juu, wanaondoka. Mvua ya kwanza kiraka kinazama, ya pili kinakuwa bonde, na kuanzia hapo maji yanaingia chini ya lami nzuri iliyobaki pande zote mbili na kuifumua. Wakipita wengine wa nyaya, ni hivyo hivyo, hatua chache kutoka pale pale. Kwa nini wasikutanishwe kabla lami haijamwagwa, kila mwenye bomba na kila mwenye waya akapitisha chake, ndipo barabara ifungwe? Na anayekata lami, kwa nini asilazimishwe kurudishia tabaka kwa tabaka na kushindilia kila tabaka, mtu wa barabara akiwa amesimama hapo anatazama? Mashimo tunayoyalalamikia kila siku mengi hayakuletwa na magari peke yake. Yaliletwa na maji, na maji yalifunguliwa mlango na jembe la mtu mwenye kibali.

Narudi kwenye madaraja. Ninachokitaka si kikubwa. Kila daraja liwekewe kibao kwenye ukingo, upande wa watembea kwa miguu, kwa herufi ambazo mtu mzima anazisoma bila miwani. Kiandikwe tarehe ya ukaguzi wa mwisho, kasoro iliyoonekana, tarehe ambayo itakuwa imerekebishwa, na cheo cha mwenye kuwajibika. Tarehe ikipita na kazi haijafanyika isifutwe. Ibaki hapo na mpya iandikwe chini yake, tuzione zote. Pili, kila daraja lipewe mtu wake wa kudumu mwenye nondo, koleo na toroli, apite kabla ya msimu wa mvua, apite katikati ya msimu na apite baada yake, azibue matundu yote na kuondoa tope kwenye vichwa vya nguzo. Mtu huyo hahitaji shahada wala mtambo. Nanyi gazetini, siku nyingine mkiletewa taarifa kwamba ukaguzi umekamilika, ulizeni kasoro ngapi za ukaguzi uliopita zimeondolewa, na hiyo namba muiweke kwenye kichwa cha habari. Wakikataa kuitoa, andikeni kwamba wamekataa.

Matundu matano yaliyobaki nitayazibua mwenyewe Jumamosi hii, Mungu akijalia afya. Kile kichwa cha nguzo siwezi kukitengeneza kwa kipande cha nondo. Mtumeni mpiga picha wenu, nitamsubiri pale darajani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aje na viatu vya matope, kwa sababu lazima tushuke chini.

Msomaji wenu wa miaka mingi