Barua ya kufunga muhula: hongereni, ila hili la vitabu lazima tuongee

Wazazi na walezi wapendwa,

Habari za siku. Muhula umeisha salama, ripoti mmeshazipata, tarehe ya kufungua iko chini ya ripoti kwa hiyo naomba msinipigie kuuliza tena.

Nianze na furaha yangu. Siku ya kusoma, mliokuja mliona wenyewe na ambao hamkuja mmekosa. Kila mtoto wa la nne na la tano alichagua kitabu cha historia chenye picha, vile vikubwa vya maandishi mengi, akakisoma chote halafu akatuelezea ukurasa mmoja tu. Mimi nilijua watakariri. Kumbe! Binti mmoja wa la nne akafungua Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano ya Vesuvius mwaka 79, akaweka kidole kwenye picha ya mbwa aliyejikunja, akasema "huyu sio mbwa, ni plasta". Akaeleza taratibu kabisa kwamba mwili ulioza ndani ya majivu yaliyoganda ukaacha uwazi, na kuanzia mwaka 1863 watafiti wakawa wanamimina plasta humo, ikishakauka wanaondoa majivu na umbo linabaki. Ukumbi kimya. Mwalimu wa sayansi akauliza swali, akajibiwa.

Halafu yule kijana wa la tano na piramidi la Khufu, mfalme wa kale wa Misri. Kasimama anasema kitabu kinajipinga, maandishi yanasema lilipojengwa lilifunikwa mawe meupe laini, ila mchoraji kachora siku ya uzinduzi lina ngazi ngazi kama lilivyo leo. Ni kweli, tumeangalia wote! Mchoraji hakusoma kitabu alichokichora. Na mwingine kuhusu Mansa Musa, mfalme wa Mali aliyepita Cairo akielekea Makka mwaka 1324, akauliza kama yule aliyemchora kwenye ile ramani ya zamani, Atlasi ya Katalani, mwaka 1375 aliwahi kumuona. Hesabu ikapigwa palepale, mfalme alishafariki miaka mingi tu. Mtoto wa miaka 11 huyo.

Ndo maana yale maneno niliyoyasikia getini, "mwanangu yuko la tano bado anasoma vitabu vya mapicha", yaliniuma. Mzazi mwenzangu, fungua hicho kitabu kwanza. Mtoto anasoma aya, anashuka kwenye maelezo madogo chini ya picha, anarudi kwenye mstari wa miaka, anaenda faharasa ya mwisho kutafuta neno, na kama anajiamini anaanza kubishana na kitabu. Wewe jaribu uone kama ni kazi nyepesi.

Sasa la wembe. Nimejitahidi nilimeze nimeshindwa. Kitabu chetu cha Misri, kile kinachogombaniwa kuliko vyote, kimekatwa kurasa mbili za katikati zenye mchoro wa kaburi la mfalme Tutankhamun limepasuliwa ubavuni unaona vyumba vyote vya ndani. Kimekatwa vizuri, kwa rula, kwa hiyo msiniambie ni mdogo wake alichana. Na nyuma ya mchoro ndo kulikuwa na mwanzo wa habari ya Howard Carter, mtafiti aliyeligundua kaburi hilo mwaka 1922, sasa mtoto akifika hapo anamkuta Carter ameshaingia ndani, hajui kaingiaje wala kalitafuta kaburi miaka mingapi. Mchoro tuliukuta umebandikwa kwenye kava la projekti ya mtoto, projekti iliyopata 18 kati ya 20, na aliyeisaini ni mimi! Nilipompigia mzazi akaniambia "ni picha moja tu mwalimu". Hapana. Watoto walioandika majina kwenye foleni ya kile kitabu wanamngojea Carter afike mlangoni. Alama zile nimezifuta, mtoto ataifanya projekti upya likizo hii, kwa mkono wake, mchoro auchore mwenyewe. Na nyumba zenye vitabu vyetu tangu muhula uliopita, tunazo kwenye daftari, visiporudi siku ya kufungua mtoto hataazima kingine mpaka nionane na mzazi, mzazi mwenyewe, sio dada wa kazi na sio meseji.

Ada: wenye madeni mnajijua. Wanaochelewa asubuhi pia.

Zile kurasa mbili, hata kama nyuma zimejaa gundi, zileteni. Selotepu ninayo ofisini.

Wenu,
Mwalimu Mkuu